Servo na Ndege Yake: Si Zote Zinazooana

Yamkini hakuna mtoto ambaye hajapata kukunja karatasi akaifanya ndege, akairusha hewani, kisha akaitazama ikienda itakako yenyewe. Furaha ya mchezo huo haidumu, kwani ndege ile ikishatoka mkononi haina tena bwana wa kuitii. Ndege ndogo za mfano zinazoongozwa kwa redio zimeiondoa kasoro hiyo. Mtu husimama uwanjani na kidhibiti mikononi, na ndege iliyo mbali naye mita mia mbili hugeuka, hupanda na hutua kama atakavyo. Mchezo huu hupendwa na vijana na wazee pia, na ni miongoni mwa shughuli chache ambazo mzazi na mtoto huweza kuzifanya pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, kuanzia kukata mbao hadi kulehemu waya.

Mchezo wenyewe una umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1937, katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan nchini Marekani, ndugu wawili mapacha, Walter na William Good, walirusha ndege ya mfano waliyoipa jina la Guff na kuiongoza kwa redio. Ndege hiyo imehifadhiwa na Taasisi ya Smithsonian. Kwa miaka mingi baadaye, nguvu ya kugeuza usukani katika ndege nyingi za namna hiyo ilitoka katika utepe wa mpira uliosokotwa, na usukani uligeuka wote au haukugeuka kabisa. Hapakuwa na kati na kati. Ni katika miaka ya 1960 ndipo ilipoenea mitambo iliyoweza kugeuza usukani kidogo au sana, kwa kadiri mwongozaji alivyosogeza kijiti chake. Mtambo mdogo unaofanya kazi hiyo ndani ya ndege huitwa servo, nao ndio tunaotaka kuuzungumza leo.

Ndugu msomaji huenda akauliza: kuna haja gani kujaza ukurasa kwa ajili ya kidude kinachotosha kiganjani? Haja ipo. Chukua ndege ya kujifunzia ya kawaida, yenye mbawa za mita moja na nusu na uzito wa kilo mbili na nusu, inayokwenda kilomita 80 kwa saa. Ikimgonga mtu kwa mwendo huo, kishindo chake ni sawa na cha mzigo wa kilo mbili na nusu uliodondoshwa kutoka urefu wa mita 25. Tena mbele yake ipo rafadha inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika. Mwaka 2013, katika bustani moja ya Brooklyn huko New York, kijana aliyekuwa akirusha helikopta ya mfano aliuawa na mapanga ya helikopta yake mwenyewe. Vyombo hivi huitwa vya kuchezea, lakini havina mchezo. Na kati ya mwongozaji na maafa, mara nyingi kinachosimama ni servo: ikigoma, ikikwama au ikivunjika jino, mwenye ndege hubaki na kidhibiti mikononi kama mtu aliyeshika kamba isiyofungwa kitu.

SERVO NI NINI?

Ukiifungua servo utakuta vitu vinne. Kwanza ni mota ndogo ya umeme. Pili ni safu ya giya zinazopunguza mwendo wa mota na kuiongezea nguvu. Tatu ni kipimo kidogo, kiitwacho potenshiometa, kinachotambua shafti ya servo imegeuka kiasi gani. Nne ni kibao cha umeme kinacholinganisha mahali shafti ilipo na mahali ilipoamriwa iwe. Panapokuwa na tofauti, kibao huiamuru mota izunguke mpaka tofauti hiyo iishe. Juu ya shafti hufungwa mkono mfupi wa plastiki au chuma, na katika tundu la mkono huo hupitishwa ufito unaokwenda hadi kwenye usukani, eleveta au eleroni.

Kwa faida ya wasiozoea majina hayo, eleveta ni ubao wa mkiani unaopandisha na kushusha pua ya ndege. Eleroni ni mbao mbili za nyuma ya mbawa zinazoilaza ndege kulia au kushoto. Na usukani ni ubao uliosimama mkiani, unaofanya kazi ileile ya usukani wa jahazi.

Sasa, servo hutengenezwa na makampuni mengi, nazo kwa macho hufanana sana. Kufanana huko ndiko kunakowaponza wanunuzi. Mtu huziona mbili dukani, moja kwa bei nusu ya nyingine, akachukua ya bei nafuu na kwenda zake. Lakini kuoana kwa servo na ndege si jambo moja. Ni mambo sita, na kila moja lina namna yake ya kuharibu kazi.

PLAGI NA WAYA TATU

Jambo la kwanza ni plagi. Servo za kawaida zina waya tatu: chanya, hasi na wa ishara. Rangi hutofautiana kwa kadiri ya mtengenezaji. Katika servo za Futaba, wa ishara ni mweupe, chanya ni mwekundu na hasi ni mweusi. Hitec hutumia manjano kwa ishara, nyekundu na nyeusi. Za JR zina rangi ya chungwa kwa ishara, nyekundu kwa chanya na kahawia kwa hasi. Kanuni iliyo rahisi kukumbuka ni kwamba waya mwekundu hukaa katikati, waya wenye rangi nyeusi au ya kahawia ni hasi, na ule uliobaki ni wa ishara.

Mpangilio huo una hekima ndani yake. Kwa kuwa chanya iko katikati, mtu akichomeka plagi kinyume, chanya bado huangukia mahali pake. Kinachobadilishana ni hasi na ishara, na kwa kawaida servo haifanyi kazi lakini pia haiungui. Tahadhari ni kwa vifaa vikuukuu. Baadhi ya servo za zamani za Airtronics zilikuwa na mpangilio tofauti wa chanya na hasi, na kuzichomeka katika kipokezi cha kampuni nyingine bila kubadilisha waya ni kuzichoma. Anayerithi sanduku la vifaa kutoka kwa mjomba au kununua vilivyotumika hana budi kulikagua jambo hili kwanza, wala asitegemee rangi peke yake.

Plagi ya Futaba ina kijino kidogo pembeni kinachozuia isichomekwe kinyume. Kijino hicho hakiingii katika vipokezi vingi vya makampuni mengine. Wengi hukikwangua kwa kisu, na plagi ikaingia vizuri. Hilo si kosa, ila baada ya hapo ulinzi uliokuwapo umeondoka, na ni juu yako mwenyewe kuangalia upande.

LUGHA YA ISHARA

Jambo la pili ni ishara yenyewe. Kipokezi kilichomo ndani ya ndege huizungumzia servo kwa mapigo ya umeme. Katika mtindo wa kawaida, mapigo hayo huja mara 50 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio amri. Pigo la sehemu 1,500 za milioni ya sekunde humaanisha "kaa katikati". Likipungua kufikia 1,000 servo hugeuka upande mmoja; likiongezeka kufikia 2,000 hugeukia upande wa pili.

Kwa bahati nzuri, makampuni karibu yote yameufuata mtindo huu, na ndiyo sababu servo ya kampuni moja huweza kutumika na kipokezi cha nyingine. Zipo tofauti ndogo. Katikati ya JR ni 1,500, ambapo Futaba hutumia 1,520. Tofauti hiyo huusogeza mkono wa servo kwa takriban nyuzi mbili tu, nayo hurekebishwa kwa urahisi. Pia servo za makampuni mbalimbali huweza kugeuka pande zinazopingana kwa amri ileile, jambo ambalo hurekebishwa kwa swichi ya kidhibiti.

Lakini liangalie hili. Servo mbili zinapounganishwa katika waya mmoja ili zigeuze ubao mmoja, au mbao mbili zinazokwenda pamoja, swichi ile huzigeuza zote mbili kwa mpigo. Moja ikiwa ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile, huenda zikavutana kama mafahali wawili katika zizi moja: kila moja inataka kusimama mahali pake, zote mbili hula umeme mwingi, na mwishowe mojawapo huungua. Kwa kazi ya pamoja, nunua servo mbili za aina moja, na ikiwezekana siku moja.

Hali kadhalika kuna servo za kianalogi na za kidijitali. Ya kianalogi huisukuma mota yake kila pigo linapofika, yaani mara 50 kwa sekunde. Ya kidijitali ina ubongo mdogo unaoisukuma mota mara 300 au zaidi kwa sekunde, na kwa hiyo hushika mahali pake kwa nguvu zaidi na kuitika upesi. Gharama yake ni umeme mwingi zaidi. Zote mbili hupokea ishara ya kawaida. Kosa hutokea upande wa pili: vipo vipokezi na vifaa vya kutuliza mkia wa helikopta vinavyotoa mapigo ya haraka, kwa mfano mara 333 kwa sekunde, kwa ajili ya servo za kidijitali. Servo ya kianalogi ikichomekwa hapo hupata joto na kuharibika. Zipo pia servo za mkia wa helikopta ambazo katikati yake ni 760 badala ya 1,500. Hizo hazifai kabisa kwa matumizi ya kawaida ya ndege, hata zikiuzwa kwa bei ya kuvutia.

VOLTI

Jambo la tatu, ambalo limechoma servo nyingi, ni volti. Hapo zamani betri ya kipokezi ilikuwa na seli nne za nikeli zenye jumla ya volti 4.8, au seli tano zenye volti 6. Servo zilitengenezwa kwa kipimo hicho. Siku hizi betri za lithiamu zimeenea, na betri ya seli mbili za aina ya lipo, ingawa imeandikwa volti 7.4, ikishajazwa hufikia volti 8.4. Servo iliyotengenezwa kwa volti 6 ikipewa 8.4 inaweza kutoa moshi katika muda mfupi.

Watengenezaji wamejibu kwa kutoa servo za volti ya juu, zinazostahimili 7.4 au 8.4. Mnunuzi asome maandishi ya servo, na kama hayapo, asiinunue. Mwenye servo za volti 6 na betri ya lithiamu anaweza kuweka kipunguza volti kati yake. Kanuni nyingine ni kwamba ndege yenye servo mchanganyiko hupewa volti inayostahimiliwa na iliyo dhaifu kuliko zote. Msafara wa mamba na kenge hutembea kwa mwendo wa kenge.

NGUVU NA MWENDO

Jambo la nne ni nguvu ya kuzungusha, ambayo huandikwa kwa kilo na sentimita. Futaba S3003, ambayo kwa miaka mingi imekuwa kama kipimo cha servo za kawaida, ina nguvu ya kilo 3.2 kwa sentimita ikipewa volti 4.8, na kilo 4.1 kwa volti 6. Maana yake ni hii: tundu la mkono likiwa sentimita moja kutoka katikati ya shafti, servo huweza kuvuta mzigo wa kilo 3.2. Tundu likiwa sentimita mbili, huvuta kilo 1.6 tu. Ni sawa na mlango: ukiusukuma karibu na bawaba utatoa jasho, ukiusukuma ukingoni utafunguka kwa kidole.

Basi, mjenzi mwerevu hutumia kanuni hiyo kwa manufaa yake. Ufito huufunga katika tundu la karibu kwenye mkono wa servo, na katika tundu la mbali kwenye pembe ya ubao unaogeuzwa. Mkono ukiwa sentimita moja na pembe sentimita mbili, nguvu inayofika kwenye ubao huongezeka maradufu, ingawa ubao hugeuka nusu ya kiasi ambacho servo imegeuka. Kwa ndege ya kujifunzia, kiasi hicho hutosha.

Nguvu inayohitajika hutegemea ukubwa wa ubao, kiasi unachogeuzwa na, zaidi ya yote, mwendo wa ndege. Hapa ndipo penye mtego. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya upepo juu ya ubao huongezeka mara nne. Servo inayogeuza eleveta vizuri kabisa ndege ikiwa inakwenda kilomita 50 kwa saa hukutana na mzigo mara nne ndege inaposhuka kwa kilomita 100. Na ni wakati ule wa kushuka ndipo unapoihitaji inyanyue pua. Ndiyo sababu servo dhaifu hupita jaribio la mezani kwa alama zote, kisha ikaiangusha ndege angani.

Mwendo wa servo hupimwa kwa muda unaotumika kugeuka nyuzi 60. S3003 hutumia sekunde 0.23 kwa volti 4.8 na 0.19 kwa volti 6. Mwanafunzi asihangaike kutafuta servo ya haraka kuliko hiyo, itamgharimu bure. Wanaohitaji haraka ni waongozaji wa helikopta na wale wanaocheza mizunguko ya hewani.

UMBO NA MENO

Jambo la tano ni umbo na meno ya shafti. Servo ya ukubwa wa kawaida ina urefu wa milimita 40 hivi, unene wa milimita 20 na uzito wa gramu 37 hadi 45. Upande wa pili zipo servo ndogo za gramu 9, kama ile ijulikanayo kwa jina la SG90, zinazofaa ndege nyepesi za povu gumu. Kuifunga servo ya gramu 40 katika ndege ya gramu 500 ni kuielemea. Kuifunga ya gramu 9 katika ndege ya kilo mbili na nusu ni kuhatarisha watu. Pima tundu la kufungia kwa rula kabla ya kununua, na usisahau kina, kwani mbawa nyingi ni nyembamba kuliko servo zinavyosimama.

Shafti ina meno madogo ambayo mkono huyashika. Futaba hutumia meno 25, JR meno 23, na servo nyingi za Hitec meno 24, ingawa zipo za Hitec zilizotolewa baadaye zenye 25. Tofauti ya jino moja haionekani kwa macho. Mkono wa meno 24 ukilazimishwa juu ya shafti ya meno 25 utaingia kwa taabu na kuonekana umekaza, na huenda ukashika mezani. Angani, mtikisiko wa injini ukishalegeza plastiki, utateleza. Mikono haiazimani, tumia iliyokuja na servo, au nunua yenye idadi ileile ya meno. Wala usisahau skurubu ya katikati, ambayo bila hiyo mkono huchomoka.

Giya za ndani huwa za nailoni au chuma. Za nailoni ni nyepesi na hazichakai upesi, lakini huvunjika meno kwa pigo la ghafla, kama pale ndege inapotua vibaya. Za chuma huvumilia mapigo, ila ni nzito, na baada ya muda hulegea kidogo. Kwa ndege ya kujifunzia nailoni inatosha. Ila baada ya kila anguko, zungusha mkono wa servo kwa kidole, polepole, upande hata upande. Ukisikia unakwaruza au unaruka mahali, jino limevunjika, na servo hiyo isirudi hewani mpaka ibadilishwe giya.

CHAKULA CHA SERVO

Jambo la sita ni wingi wa umeme, yaani ampea. Servo isiyo na mzigo hula kidogo sana, lakini ikikwama au kusukumana na upepo mkali, hula mara nyingi zaidi. Tuseme kila servo hufikia ampea moja wakati wa mzigo mkubwa. Ndege yenye servo nne itahitaji ampea nne kwa dakika ile ya shida. Katika ndege nyingi za mota ya umeme, servo hupata umeme kupitia kidhibiti mwendo cha mota, ambacho ndani yake mna kipunguza volti. Kikiwa cha ampea mbili tu, volti huanguka, na kipokezi, ambacho nacho hula kutoka chungu hichohicho, hujizima. Kitajiwasha tena, lakini katika sekunde hizo ndege haina mwenyewe.

Kwa hiyo anayebadilisha servo za kianalogi kwa za kidijitali zenye nguvu hajamaliza kazi mpaka ametazama kama chanzo chake cha umeme kinatosha. Wengi waliodhani redio yao ni mbovu walikuwa na redio nzima na betri yenye njaa.

FEDHA ZIENDE WAPI?

Twajua kwamba fedha za nyumba zina kazi nyingi kabla ya kufika kwenye ndege ya mfano. Anayeagiza kutoka nchi za nje, tena, hulipa na usafirishaji, na kosa la kuchagua humgharimu mara mbili. Swali la haki ni: ikiwa fedha hazitoshi kununua servo nne bora, ianze ipi?

Jibu ni eleveta. Ndege ya kujifunzia inayopoteza usukani wa mkiani bado huweza kurudishwa kwa eleroni. Inayopoteza nguvu ya injini hutua kwa kuteleza hewani. Lakini inayopoteza eleveta ni vigumu mno kuiokoa. Basi servo iliyo bora kuliko zote uliyonayo iende kwenye eleveta, zinazofuata ziende kwenye eleroni, kisha usukani. Ile ya kufungua na kufunga mlango wa hewa wa injini hubeba mzigo mdogo sana. Hapo ndipo pa kubana matumizi.

Jihadhari pia na servo za bandia. Zile zenye sifa huigwa, na nakala zake huuzwa kwa jina lilelile. Servo isiyo na kipimo chochote kilichoandikwa, au ambayo mkono wake hausimami mahali pamoja kila unapourudisha katikati, isiwekwe katika ndege ya kuruka. Mwanao aitumie katika gari la kuchezea au katika majaribio ya mezani, nayo itamfundisha mengi.

KABLA YA KURUKA

Ukishazifunga servo zako, ziangalie zikifanya kazi injini ikiwa imezimwa. Sogeza kila kijiti hadi mwisho wake na usikilize. Servo inayonguruma mfululizo ilhali ndege imetulia inasukumana na kitu: ama ufito ni mrefu mno, ama bawaba ni ngumu. Iondolee kizuizi, kwani hiyo inamaliza betri na kujichoma yenyewe.

Kisha kagua pande. Kijiti cha eleroni kikienda kulia, eleroni ya kulia ipande na ya kushoto ishuke. Kijiti cha eleveta kikivutwa kwako, eleveta iinuke. Kijiti cha usukani kikienda kulia, usukani ugeuke kulia. Ukaguzi huu hauchukui dakika moja, na ufanywe kila siku ya kuruka, hata kama jana ndege iliruka salama. Kwa kazi hii mtoto ni msaidizi mwema kuliko mtu mzima, kwa sababu yeye hutamka alichokiona, wala hakisii alichotazamia kukiona.

Uwanja uwe wazi, mbali na nyumba, barabara, nyaya za umeme na viwanja vya ndege, na watazamaji wasimame nyuma ya mwongozaji. Yafaa pia kuuliza kwanza, katika mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi yako, masharti ya kurusha vyombo vya namna hii. Kuuliza si ujinga.

Mwisho, msomaji unayekusudia kununua, chukua kipande cha karatasi na uandike mambo sita: aina ya plagi ya kipokezi chako, kama kinatoa mapigo ya kawaida au ya haraka, volti ya betri ikiwa imejaa, nguvu inayotakiwa kwa kila ubao, vipimo vya tundu na idadi ya meno ya mikono uliyonayo, na ampea za chanzo chako cha umeme. Karatasi hiyo mpe muuzaji kabla hujamwuliza bei. Muuzaji anayeijua kazi yake ataisoma na kukujibu jambo moja baada ya jingine. Asiyeijua atakuambia kwamba servo zote ni sawa, na hapo utakuwa umejua kwamba duka lako ni jingine.